PUA NAYO NI KIUNGO

(Someni kwanza: 1 Wakorintho 12:12–27 na 2 Samweli 19:31–39)



Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari ya mwili mmoja wenye viungo vingi, alivitaja vichache kwa majina: mguu na mkono, sikio na jicho, kichwa pia. Tena akawauliza, kama mwili wote ungekuwa sikio tu, kazi ya kunusa ingefanywa na nani? Neno hilo twalipita upesi tunaposoma. Habari ya jicho twaikumbuka, kwa kuwa kila mtu humhurumia kipofu. Habari ya sikio twaikumbuka, maana kiziwi hujulikana mara. Lakini ni nani aliyepata kusikia hotuba juu ya mtu asiyeweza kunusa? Mtu huyo hana fimbo mkononi, wala hasemi kwa ishara za vidole. Huketi katikati yetu kanisani, huimba, hutoa sadaka yake, na hakuna ajuaye kwamba kiungo chake kimoja kimelala.

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya kiungo hiki, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ugonjwa ulioenea duniani tangu mwaka 2020 uliwanyang'anya watu wengi kunusa kwao, na wengine hawajarudishiwa mpaka leo. Ya pili, hapa kwetu, tangu Shinyanga na Kahama mpaka machimbo ya dhahabu ya Geita, mtu asiyenusa, tena aliyeanza kusahau, aweza kupatwa na hatari iliyo kubwa kuliko ugonjwa wenyewe, hasa akiwa mama mzee. Hatari hiyo haitoki puani mwake. Hutoka vinywani mwa jirani zake. Kwa hiyo tusome pamoja, tukifuata sehemu tano.

1. Kunusa ni kipawa cha Mungu

Katika Katekisimo Ndogo, tunapoieleza Sehemu ya Kwanza ya Imani, twakiri kwamba Mungu ndiye aliyetuumba, akatupa mwili na roho, macho na masikio na viungo vyote. Kisha twataja akili pamoja na fahamu zote, nasi twakiri kwamba hata sasa yeye huvitunza. Kila mtoto wa kipaimara ayajua haya kwa moyo. Lakini tazameni utaratibu wa maneno yenyewe. Martin Luther hakuitaja pua kwa jina lake. Imo ndani ya neno hili, fahamu. Tena aliziweka akili na fahamu mahali pamoja, kama ndugu wawili waketio juu ya mkeka mmoja. Mbele kidogo tutaona jinsi ndugu hawa walivyo karibu.

Kunusa hufanya kazi nyingi kimya kimya. Mama huyanusa maziwa kabla hajampa mtoto, akajua kama yameharibika. Mwenye nyumba aamka usiku kwa harufu ya moshi, akawatoa watoto nje kabla paa halijashika moto. Mchimbaji aliye shimoni asikia harufu ya kitu kinachoungua, akawaita wenzake wapande juu. Mkulima wa Shinyanga, ambako jua ni kali na mvua ni haba, asikia harufu ya udongo mkavu uliolowa kwa mvua ya kwanza, na moyo wake wafurahi kabla hajaona jani hata moja. Na mtu aliyekaa ugenini miaka mingi, akirudi nyumbani akasikia harufu ya matobolwa chunguni, mara amkumbuka bibi yake aliyekwisha lala katika Bwana.

Lugha yetu yasema kwamba mtu husikia harufu, kana kwamba pua nayo ina masikio yake. Ni neno la kweli, maana harufu husema na moyo. Isaka alipokuwa mzee na macho yake yamefifia, aliyanusa mavazi aliyovaa Yakobo, akaikumbuka harufu ya shamba, ndipo akambariki (Mwanzo 27:27). Twajua kwamba alidanganywa siku ile. Lakini twajifunza pia kwamba harufu hufika upesi mahali pa kumbukumbu na mapenzi, pengine upesi kuliko maneno.

2. Jinsi kipawa hiki kinavyopotea

Mgonjwa wa kwanza wa korona, ugonjwa ambao katika nchi yetu umeitwa pia UVIKO-19, alitangazwa Tanzania tarehe 16 Machi 2020. Hesabu ya wagonjwa ilitangazwa mwaka ule mpaka ilipofika watu 509. Kisha haikutangazwa tena kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu, na chanjo ikaanza kutolewa mikoani. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Dharura ndiyo iliyokwisha, ndugu zetu; virusi vyenyewe havikukoma. Basi, katika vijiji vyetu wako watu wengi walioshikwa na homa na kikohozi katika miaka ile, wakapona bila kupimwa, wasijue jina la ugonjwa wao. Wengine wao, tangu siku ile, hawasikii harufu ya kitu chochote, wala hawajui sababu.

Sababu ni hii. Juu kabisa ndani ya pua pana utando mdogo wenye mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo hupita katika vitundu vyembamba vya mfupa, ikafika ubongoni. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo cha Uganga cha Harvard, huko Marekani, walionyesha kwamba virusi hivi kwa kawaida haviingii katika mishipa yenyewe, bali katika chembe zinazoizunguka na kuitunza. Ni kama adui aliyechoma ghala, asiwapige askari. Askari wako hai, lakini hawana chakula, nao hawawezi kufanya kazi. Ndiyo sababu wengi hupona kwa majuma machache au kwa miezi, kwa kuwa ghala hujengwa tena. Lakini wataalamu walipokusanya habari za nchi nyingi mwaka 2022, waliona kwamba miongoni mwa waliopotewa na kunusa kwa ugonjwa huu, watu kama 5 au 6 katika kila 100 hukaa na taabu hiyo kwa muda mrefu. Virusi vingine navyo huweza kufanya hivyo, hata vile vya mafua ya kawaida, na vilevile pigo la kichwa au ugonjwa wa pua.

Tena liko jambo la pili, nalo huwashangaza watu kuliko la kwanza. Mishipa inapoanza kupona, pengine hupeleka habari zisizo sahihi. Ndipo kahawa hunuka kama takataka zilizoungua, na nyama nzuri kama mzoga. Mtu huyu akisema, "Humu ndani pana uozo," na wengine wote hawasikii neno, hasemi uongo, wala hana pepo. Mishipa yake inajifunza kazi upya, kama mtoto ajifunzaye kusoma, achanganyaye herufi.

3. Akili na fahamu ni majirani

Sasa twarudi kwa ndugu wale wawili wa Katekisimo. Njia ya harufu huingia ubongoni karibu sana na mahali pa kumbukumbu. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitoa habari za watu 785, wenye umri wa miaka 51 hata 81, ambao bongo zao zilipigwa picha mara mbili. Katikati ya picha ya kwanza na ya pili, watu 401 kati yao waliambukizwa korona. Kwa hao walioambukizwa, sehemu za ubongo zilizo na uhusiano na kunusa na kumbukumbu zilionekana zimepungua kidogo zaidi kuliko kwa wengine. Nao katika majaribio ya akili, kwa wastani, walirudi nyuma zaidi. Mwaka uo huo wataalamu wa Argentina waliowachunguza wazee walieleza kwamba, baada ya korona, kupotewa na kunusa kwa muda mrefu kulionyesha upungufu wa kumbukumbu kuliko hata ukali wa ugonjwa wenyewe.

Sikieni vema, mtu asije akaogopa bure. Wataalamu hawa hawakusema kwamba kila asiyenusa atapoteza akili. Walio wengi hawapotezi. Walisema tu kwamba majirani wawili hushiriki msiba: nyumba ya mmoja ikitikisika, ni busara kwenda kuitazama ya pili. Hata kabla ya korona ilijulikana kwamba katika ugonjwa wa usahaulifu uitwao Alzaima, kunusa mara nyingi hupungua kabla kumbukumbu haijapungua. Kwa hiyo pua yaweza kuwa mjumbe anayetangulia.

Tena uzee peke yake hupunguza kunusa. Mwaka 1984 wataalamu wa Marekani waliwapima watu wa umri wote, wakaona kwamba katika wenye miaka 65 hata 80, zaidi ya nusu walikuwa wamepungukiwa sana. Na katika waliopita miaka 80, zaidi ya watatu katika kila wanne. Wengi katika hao hawajijui. Usahaulifu mkubwa wa uzeeni nao uko kwetu Tanzania. Mwaka 2010 wazee wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na watu kama 6 katika kila 100 walionekana wanao.

Yaliyoonekana kwa vipimo yalikuwa yameandikwa zamani sana katika kitabu cha Samweli. Mfalme Daudi alipomkimbia Absalomu mwanawe, mzee Barzilai wa Gileadi alimletea yeye na watu wake vitanda na vyombo, ngano na shayiri, maharagwe, asali na siagi. Vita vilipokwisha, Daudi alimwita mzee yule aende Yerusalemu akale mezani pa mfalme. Barzilai akajibu kwamba ana miaka 80. Hawezi tena kupambanua jema na baya, wala hatambui ladha ya anachokula na anachokunywa, wala hawezi kuzisikiliza sauti za waimbao. Mtazameni mzee huyu. Yeye aliyeleta asali hasikii tena utamu wake. Nasi twajua kwamba sehemu kubwa ya ladha hutoka puani, na anayepotewa na kunusa husema mara nyingi kwamba chakula kimekuwa kama majani makavu.

Naye Daudi alifanya nini? Hakumcheka, wala hakumwuliza ni nani aliyemroga. Hakusema kwamba mtu asiyepambanua mambo hana faida tena. Alimsikiliza mpaka mwisho. Barzilai alipoomba kurudi kwao, afe karibu na kaburi la babaye na mamaye, mfalme alimbusu na kumbariki; na Kimhamu aliyependekezwa na Barzilai alipewa mahali pa heshima karibu na mfalme. Hivyo ndivyo mfalme alivyomtendea mzee aliyepungukiwa na fahamu.

4. Ole wetu tukiuliza kwa mpiga ramli

Sasa twasema neno lililo zito, nasi twalisema kwa huzuni. Tuseme yuko mama mjane katika kijiji kimoja karibu na machimbo. Miaka kadhaa nyuma alishikwa na homa na kikohozi, akapona. Tangu hapo hasikii harufu. Ampa mjukuu maziwa yaliyoharibika, kwa kuwa pua yake haikumwonya, mtoto akaharisha. Auacha mboga motoni, ikaungua mpaka chungu kikapasuka, naye ameketi palepale hana habari. Akiitwa kwa jirani kula, aisukuma nyama kando, akisema yanuka maiti. Kisha aanza kusahau: auliza neno lile lile mara tatu, apotea njia ya kisimani, amwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Usiku aonekana nje akizunguka, kwa maana hajui kama ni usiku.

Mganga mwenye elimu angetambua ugonjwa katika kila moja la mambo hayo. Lakini jirani asiyejua huyaunga pamoja kwa uzi mwingine. Mtoto aliharisha baada ya kunywa maziwa yake. Amesikia harufu ya maiti, na baada ya siku chache mtu amefiwa. Usiku alionekana nje. Ndipo watu waenda kwa mpiga ramli, naye alipwa fedha, akataja jina ambalo wao wenyewe walikwisha kulitaja mioyoni mwao.

Hatuhitaji kueleza kwa urefu yanayofuata. Ninyi wasomaji wa Usukuma mwayajua. Kwa miaka mingi wazee, na zaidi wanawake, wameuawa katika nchi hii kwa kushukiwa uchawi. Macho mekundu, ambayo ni kazi ya moshi wa jikoni wa miaka hamsini, yalihesabiwa kuwa alama. Basi, kama moshi wa kupikia watoto ulifanywa kuwa ushahidi, hata pua iliyoharibiwa na virusi na kumbukumbu iliyochoka zaweza kufanywa ushahidi. Hapo Mkristo atasimama upande gani?

Amri ya Tano yakataza kuua, nayo Katekisimo yatufundisha kwamba haitoshi kutokumdhuru jirani mwilini, bali yatupasa kumsaidia katika kila haja ya mwili wake. Amri ya Nane yakataza kumshuhudia jirani uongo, nayo yatuamuru kumtetea na kuyafasiri mambo yake kwa upande ulio mwema. Liangalieni neno hilo la mwisho. Jambo moja laweza kuwa na fasiri mbili. Mama anayezunguka usiku, mmoja amfasiri kuwa mchawi, mwingine amfasiri kuwa mgonjwa. Fasiri ya pili ndiyo tuliyoamriwa. Tena ndiyo ya kweli. Na kwa mtu huyu, kati ya fasiri hizi mbili pana uhai na mauti.

Wala mtu asiseme, "Mimi sikushika panga." Anayeyachukua maneno ya ramli kutoka nyumba hii mpaka nyumba ile amekwisha kulinoa panga la mwenziwe. Hata anayenyamaza katika kikao cha ukoo, akijua kwamba mama yule ni mgonjwa, amelishuhudia uongo kwa kunyamaza kwake.

5. Kazi ya usharika

Mtume asema kwamba Mungu alivipanga viungo kama alivyotaka, tena kwamba vile vinavyohesabiwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi, na kiungo kimoja kikiumia vyote huumia pamoja nacho. Kama ni hivyo, mmoja akipotewa na kunusa, wengine hawana budi kumnusia. Haya ni mambo ambayo kila mtaa waweza kuyafanya.

Kwanza, waulizeni. Mwinjilisti na wazee wa kanisa wanapowatembelea wagonjwa na wazee, wawaulize, "Je, mama, wasikia harufu ya kahawa hii? Chakula kina ladha?" Swali hili halina gharama. Kama jibu ni hapana, waulize tena: tangu lini, baada ya homa gani, na kama kumbukumbu nayo imepungua.

Pili, wapelekeni kwa waganga wa hospitali, msikisie. Hasa katika machimbo msikisie. Wachimbaji wadogo huikamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma motoni, nayo zebaki hupaa kama mvuke. Mvuke huo hauna harufu. Hata mwenye pua nzima hawezi kuusikia. Huingia kifuani, ukafika ubongoni. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua. Wataalamu waliowapima watu wa Rwamagasa, mkoani Geita, mwanzoni mwa karne hii, waliona dalili za sumu hiyo, hasa kwa wale wanaochoma. Kijana anayesahau kwa sababu ya zebaki na bibi anayesahau kwa sababu ya uzee hawatibiwi kwa njia moja. Pigo la kichwa, upungufu wa chakula na ugonjwa wa pua navyo vina dawa zake. Kituo cha afya kitatazama kwanza, na palipo na haja kitampeleka mgonjwa mbele, hata Bugando huko Mwanza. Nanyi mnaochoma dhahabu, msiichome ndani ya nyumba, wala karibu na watoto, wala penye chungu cha chakula. Tumieni chombo kilichofungwa, kinachourudisha mvuke.

Tatu, wafundisheni mazoezi ya kunusa. Mwaka 2009 Profesa Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walieleza njia iliyo rahisi. Mgonjwa hunusa harufu nne, asubuhi na jioni, kwa muda wa majuma 12: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Waliofanya hivyo walipata nafuu kuliko wasiofanya. Karafuu za Pemba na Unguja zauzwa madukani kwetu. Limau liko sokoni. Mikaratusi twaiona imepandwa. Na pasipokuwa na waridi, yafaa sabuni yenye harufu yake. Kila kimoja na kinuswe taratibu kwa muda mfupi, kama sekunde 10 au 20, mgonjwa akijikumbusha jinsi kilivyonukia zamani. Hii siyo kujifukiza, kama watu wengi walivyofanya mwaka 2020. Hapana maji ya moto wala blanketi, wala mtu asijiunguze uso. Harufu yaweza kurudi polepole, na kwa wengine isirudi yote. Kwa hiyo mgonjwa ahitaji mwenzi wa kumtia moyo, na mwenzi huyo aweza kuwa mtoto wa shule ya Jumapili akaaye jirani.

Nne, ilindeni nyumba yake. Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya maji au ya soda, kwa kuwa yeye hatayatambua. Mwenye jiko la gesi na awe na mtu wa kumkagulia mtungi. Maziwa, dagaa na nyama vinuswe na mwingine kabla ya kuliwa. Mchimbaji asiyenusa na awaambie wenzake na msimamizi wake, wala asishuke shimoni peke yake. Kusema hivyo siyo aibu, ni kuwalinda wote. Tena msimwache ale peke yake. Asiyesikia ladha huacha kula, akakonda, na huzuni ikamwingia. Akila pamoja na watu, hata kama ladha haipo, ushirika upo.

Tano, simameni mbele ya mlango wake. Maneno ya uchawi yakianza kunong'onwa, wazee wa kanisa wasingoje yakue. Na waende mchana, watu wote wakiwaona, waketi uani kwa mama yule, wale chakula chake, waombe pamoja naye. Wawaeleze jirani ugonjwa wake kwa maneno mepesi. Wamwarifu mwenyekiti wa kijiji. Na kama kuna vitisho, wawaarifu polisi siku ile ile. Asilale peke yake mpaka maneno yamekwisha. Hii ni kazi ya wazee wa kanisa kama vile kuhesabu sadaka ilivyo kazi yao.

Wapendwa, Yohana atuambia kwamba Mariamu alipoipaka miguu ya Yesu kwa marhamu ya thamani, nyumba yote ilijaa harufu yake. Tuseme palikuwa na mzee mmoja pale Bethania, aketiye pembeni, ambaye pua yake imekufa kama ulimi wa Barzilai. Yeye hakusikia neno. Je, alikuwa nje ya nyumba? Hasha. Alikuwa ndani pamoja na wengine, na Bwana alikuwa mbele yake, na manukato yalimwangukia nguoni kama yalivyowaangukia wote. Nasi hatuokolewi kwa nguvu ya fahamu zetu, wala kwa wingi wa kumbukumbu zetu. Hata mtu akilisahau jina la mwanawe, hata akilisahau jina lake mwenyewe, Mungu aliyemwita katika Ubatizo hajalisahau. Kazi yetu ni kumkumbuka pamoja na Mungu, na kuhakikisha kwamba atazeeka salama katika nyumba yake mwenyewe.

Tuombe. Bwana Mungu, uliyetupa akili na fahamu zote, twakushukuru kwa ulizotuachia na kwa ulizozichukua. Warudishie waliopotewa, kadiri ya mapenzi yako. Wachimbaji uwalinde katika mashimo. Wazee wetu uwafunike, uwafunge vinywa wapiga ramli, nasi utufumbue vinywa, tuwatetee. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.